Mgeni Aliyependa Njaa Yetu

Alipofika kwetu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua viatu sebuleni na kuweka miguu juu ya kimeza cha mama. Kimeza kile kilikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mama mwenyewe kabla ya vita, na hatukuweka kitu juu yake isipokuwa Biblia na, siku za sikukuu, chupa ya limonadi. Soksi zake zilikuwa zimegandamana na vidole. Alizibandua taratibu, moja kisha nyingine, huku akizungumza na papa, baba yangu, kwa Kifaransa, na harufu ikaenea nyumba nzima hadi jikoni. Mama akatokea na sinia la chai. Akaona. Akasimama kidogo, kisha akatabasamu, akaliweka sinia chini sakafuni kwa sababu kimeza kilikuwa kimeshikwa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, mji wa Bukavu ukiwa mikononi mwa waasi. Padri wa parokia yetu ndiye aliyemleta. Alikuwa amemkuta barazani pa kanisa amelala, kichwa juu ya mkoba mkubwa kama gunia la makala ya kupikia, akaona afadhali ampeleke kwa familia inayojua Kifaransa na yenye chumba cha ziada. Chumba cha ziada kilikuwa changu. Mimi nilihamia kwenye mkeka chumbani mwa mama, na papa akahamia kwenye kochi. Hakuna aliyeniuliza. Mgeni ni mgeni.

Tulikuwa watatu tu nyumbani siku hizo, kwani kaka zangu walikuwa wamekimbilia nje. Papa alikuwa karani katika ofisi ya serikali, serikali ambayo haikuwapo tena Bukavu. Hata hivyo kila asubuhi alifunga tai, akaenda, akaketi, akarudi. Mama alikaanga mandazi na kuyauza mbele ya geti. Mimi nilifundisha Kifaransa katika shule ya wasichana, nikilipwa na wazazi walipokuwa na kitu, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa maharage. Bomba lilikuwa limekauka. Maji tuliyateka ziwani kwa madumu, bidoni kama tuitavyo, tukayachemsha.

"Mimi nasafiri polepole," mgeni alimwambia papa. Alikuwa Mzungu mwembamba, wa umri wa kaka yangu mkubwa, mwenye ndevu za rangi ya mahindi. Kazi alikuwa ameiacha kwao Ulaya. Alitoka Uganda kwa malori na kwa miguu mpaka Goma, akapanda boti, akashuka kwetu. Alichojivunia kuliko vyote ni kwamba halipi pa kulala. Alilala mashuleni, kwenye parokia, kwenye vituo vya polisi, majumbani mwa watu. Hoteli, alisema, ni ukuta kati ya msafiri na watu. Kisha akamtazama mama kwa macho laini, akaongeza kwamba maskini ndio wanaojua kupokea.

"Anasema nini?" mama akaniuliza. Kifaransa chake kilikuwa cha sala tu.

"Anasema sisi ni maskini."

"Ni kweli," mama akasema. "Muulize kama anakulaka sombe."

Alikula sombe, majani yetu ya muhogo. Alikula fufu, mboga ya lengalenga, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, tulizokuwa tumeziweka za Jumatano. Alikula kwa mikono ingawa sisi tulimwekea uma, akavilamba vidole mpaka kiganjani, akicheka, kama mtu aliyealikwa kwenye mchezo. Papa alikula kwa uma, taratibu, akiwa bado amevaa tai ya misa. Papa alipomweleza habari ya maji ya kuchemsha, mgeni akatikisa kichwa.

"Nataka kunywa wanachokunywa watu."

"Watu wanakunywa maji yaliyochemshwa, bwana," papa akamjibu. "Wasiochemsha wanakufa."

Mgeni akacheka sana. Alidhani ni utani.

Alisema atakaa siku mbili. Akakaa, akakaa. Mchana nikitoka shule nilimtembeza, kwa sababu papa aliona ni aibu mgeni kuzurura peke yake. Siku moja nilimpeleka soko la Kadutu. Wanawake walikuwa wameketi na mabeseni yao ya sambaza zilizokaangwa, yale mafungu madogo ambayo mtu huyapanga kwa uangalifu ili yaonekane makubwa. Mgeni aliinamia beseni la kwanza, akachota, akatafuna, akafunga macho. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. "Naonja," aliniambia. Alipita mstari mzima hivyo, akichota na kusifu, na wale wanawake wakacheka kwa midomo kwa sababu ni Mzungu na kwa sababu walidhani mwisho wa kuonja ni kununua. Hakununua. Mmoja, mama mnene mwenye mtoto mgongoni, alimfuata kwa macho, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mugeni wako iko na njaa kama yetu," akasema. "Lakini yake ni njaa ya kupenda."

Niliondoka nikiwa nimeinamisha kichwa, na yeye alikuwa mbele yangu akijipangusa mafuta kwenye ndevu.

Sasa, mama alikuwa na dada yake mkubwa aliyeishi upande wa Miti, mlimani, kupanda kutoka barabara kuu kuelekea msitu. Alikuwa mjane, hana mtu. Mimi nilimwita mama mukubwa. Habari zake zilikuwa zimekatika tangu mvua zianze, na mtu mmoja aliyetoka huko alisema alimwona akitetemeka kwa homa. Mama alipata vidonge vya malaria kwa watawa wenye zahanati, akanunua pakiti ya chumvi, kwa sababu huko chumvi ilikuwa imeadimika kabisa, akaanza kutafuta mtu wa kuvipeleka. Mgeni alisikia.

"Nitakwenda naye," akasema, akininyoshea kidole. "Kwa miguu. Ndiyo njia ya kuiona nchi."

Nilimtazama papa nikitumaini atakataa. Papa alifikiri kidogo, akaniita jikoni. "Na Muzungu kando yako, basoda hawatakusumbua," akaninong'oneza, akiwataja hivyo askari wa barabarani. Basi, ikawa hivyo. Tulimlisha sisi, naye angekuwa mwavuli wangu. Hata hilo lilinichafua roho.

Tuliondoka alfajiri. Barabara ya kwenda Miti inapita karibu na ziwa, kisha inaingia kati ya mikaratusi na mashamba. Tulipishana na wanawake wakielekea mjini, wamebeba makala na mihogo kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, shingo zimesimama kama nguzo, macho chini. Mgeni aliwapiga picha kutoka mbele, akitembea kinyumenyume ili asikose nyuso zao. Walishindwa kugeuza vichwa kwa sababu ya mzigo. Mmoja alifumba macho tu, akaendelea kutembea hivyohivyo.

Kabla ya saa sita tukafika kwenye bariyeri. Ilikuwa kamba iliyofungwa vipande vya mfuko wa plastiki, na kando yake kibanda cha majani, moto, na askari wanne au watano. Mbele ya kamba mwanamume wa umri wa papa alikuwa kwenye tope. Walimwamuru apige pompe, mikono chini, mwili juu, mwili chini, na kila aliposhuka koti lake lilikunywa maji ya tope. Kitambulisho chake kilikuwa kimechanika pembeni, hilo ndilo kosa. Kuku wake, jike mweupe aliyefungwa miguu, alikuwa tayari mkononi mwa askari mmoja.

"Mundele!" kamanda wao akaita. Hivyo ndivyo wasemavyo Mzungu kwa Lingala. Alikuwa kijana mwenye miwani ya jua iliyokosa kioo kimoja. "Karibu, kaa!"

Mgeni akatoa sigara zake. Akagawa. Akaketi juu ya jiwe karibu na moto, akauliza majina yao, akaonyeshwa bunduki, akaonyesha kamera. Kitambulisho changu kilitazamwa, kikarudishwa. Papa alikuwa amesema kweli, mwavuli ulifanya kazi. Nilisimama nikiwa mkavu, na yule mzee akiwa tope tupu.

Walipomchoka wakamwacha akae. Alipumua kwa kinywa wazi. Kuku alikuwa amekwisha kunyongwa, manyoya yakiruka.

"Maman," mzee akaniita kwa sauti ya chini. "Muambie Muzungu aseme kitu. Yeye banamusikiaka. Banirudishie karte yangu. Ile kuku ilikuwa ya binti yangu, amezaa juzi."

Nilimwendea mgeni, nikamweleza yote kwa Kifaransa, neno kwa neno: kitambulisho, kuku, binti aliyejifungua. Alisikiliza kwa makini. Uso wake ulifanya huzuni.

"Mwambie pole," akasema. "Mimi ni mgeni hapa. Siingilii mambo ya nchi ya watu."

Nikarudi kwa mzee.

"Anasema pole."

"Pole tu?"

"Pole tu."

Mzee akatazama mikono yake, akaanza kubandua tope katikati ya vidole.

Kuku alikuwa anageuzwa juu ya makaa. Kamanda akakata kipande, akaonja, akatema. "Hakuna chunvi!" akapiga kelele, na akaanza kumtukana aliyekuwa anachoma. Hapo mkono wangu ukaenda wenyewe kikapuni, kwenye chumvi ya mama mukubwa.

"Komanda," nikasema, "miko na chunvi. Mupatie huyu muzee karte yake aende, nakupatia yote."

Alinitazama kwa jicho lile lisilo na kioo. Nilidhani atanichukulia chumvi na kitambulisho akibaki nacho, maana nani angemzuia? Lakini alikuwa na njaa na mgeni alikuwa anamtazama. Akacheka. "Madamu iko na akili ya soko," akasema, akamtupia mzee kitambulisho chake. Mzee alikiokota kwenye majani, akapita chini ya kamba, akaenda zake bila kugeuka. Hakunishukuru. Angenishukuru nini? Alikuwa anakwenda kwa mzazi mikono mitupu.

Walimpa mgeni paja. Akaling'ata, mafuta yakateremka ndevuni, akatikisa kichwa kwa raha.

"Sasa ndiyo imekolea," akaniambia. Kisha akaninyoshea kipande. "Chukua. Wameniruhusu."

Nilikwenda nyuma ya mkaratusi, nikatapika chai yote ya asubuhi. Nilishikilia gome la mti na kusikia wakicheka pamoja pale motoni, yeye na wao, sauti zao zikishindwa kutofautishwa.

Tulipokuwa tumeiacha bariyeri mbali aliniuliza kama ninaumwa.

"Yule kuku alikuwa wa yule mzee," nikasema. "Nilikuambia."

"Najua. Inasikitisha," akajibu. "Lakini kukataa chakula ni kuwatukana wenyeji."

Nilitembea mbele yake mpaka Miti.

Mama mukubwa alitupokea akiwa amejifunga blanketi, macho ya njano, lakini amesimama. Alimeza vidonge, akang'oa mhogo wake wa mwisho, tukala na maharage yasiyo na chumvi. Jioni, kama watu wote wa mlima ule, alikunja mkeka ili ashuke kulala kwenye migomba bondeni, kwa sababu wenye silaha walikuwa wakitoka msituni giza likiingia na kupiga hodi kwenye milango. Mgeni alifurahi. Alisema tangu aanze safari alikuwa anatamani kulala na watu chini ya nyota.

"Anasema nini?" mama mukubwa akauliza.

Nikamwambia.

"Muambie nyota za huku zinanyeshaka."

Na kweli ilinyesha. Asubuhi tulirudi nyumbani tukiwa tumelowa, mgeni akawa wa kwanza kufika kwenye kijito chini ya nyumba, akainama na kunywa kwa viganja viwili, kwa kelele, huku juu yake kidogo mbuzi wa jirani wakivuka. Nilimwona. Ningeweza kumwambia, lakini papa alikuwa amemwambia tayari, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka kutafsiri.

Kesho yake tumbo likamkamata. Sitaki kulisimulia sana, ingawa ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Choo cha mama mukubwa kilikuwa shimo nyuma ya nyumba, magogo mawili juu yake. Mgeni hakujua kuchuchumaa akiwa na afya, sembuse mgonjwa. Aliikosea shabaha, akajikosea mwenyewe, akakosea ukuta. Baadaye hakuweza hata kutoka nje. Nikawa napokea ndoo mlangoni, naenda kuimwaga, nafukia kwa majivu, narudi. Suruali yake niliifua kwenye kijito, mbali chini, kwa kijiti, uso nimeugeuzia upande. Nzi walinifuata njia nzima. Nilijinusa mikono wakati wa kula na nikaacha kula.

Mama mukubwa, ambaye homa yake ilikuwa imeshuka siku hiyohiyo, alimchemshia majani ya mpera. Kisha akataka kumtengenezea maji ya sukari na chumvi, kama watawa walivyowafundisha akina mama.

"Chunvi iko wapi? Mama yako alisema atatuma chunvi."

"Imekulwa."

"Na nani?"

Nilielekeza kwa midomo kitandani.

Alivaa kitambaa kichwani, akapanda kwa majirani, nyumba hadi nyumba, na akarudi na chumvi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, ndani ya jani la mgomba. Alimwinua kichwa akamnywesha. Alimfuta kwa kitenge chake, mbele na nyuma, kama afanyavyo mtu kwa mtoto mchanga, akinena naye kwa Kimashi, kwa sauti ya kukaripia na kubembeleza pamoja.

"Muulize," akaniambia, "mama yake anajua iko wapi?"

Nikamuuliza. Mgeni akageuzia uso ukutani na kuanza kulia. Alisema hapana, hajui. Alisema hakumwandikia tangu aondoke, kwa sababu aliondoka kwa ugomvi. Nilimfasiria mama mukubwa, naye akaweka mkono wake juu ya kichwa kile chenye jasho na kuuacha hapo. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo. Nilitaka kumhurumia. Nilijaribu, nakwambia kweli, nilijaribu kama mtu anayesukuma mlango uliovimba. Harufu haikuniruhusu, na nyuma ya harufu ile nilimwona bado akilamba mafuta.

Ilikuwa wazi kwamba hawezi kutembea kurudi, na wala hatakiwi kulala migombani. Mama mukubwa akaita wanaume wanne wa mlima. Walikata miti miwili, wakafunga kamba na gunia katikati, wakatengeneza kipoyi, kile wanachobebea wagonjwa na wazazi. Wazee wetu walikijua kwa kazi nyingine. Babu yangu alikuwa amebebesha bega lake wakubwa wa Kibelgiji kwenye viti vya namna hiyo, mpaka bega likaota kigumba ambacho sisi wajukuu tulikichezea. Sikuwahi kufikiri nitatembea nyuma ya kipoyi chenye Mzungu juu yake.

Njia ya kushuka ilikuwa tope na mawe. Wale wanaume walikwenda pekupeku, wakipokezana wimbo wa kubebea, jasho likiwatiririka. Tulipokaribia barabara hewa ilimpa mgeni nguvu kidogo. Akainuka kwa kiwiko, akapapasa mkobani.

"Tupige picha," akaniambia, akininyoshea kamera. "Mimi na hawa. Hakuna atakayeniamini huko nyumbani."

"Hapana," nikasema.

Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo nililowahi kumwambia. Alidhani sikusikia. Wabebaji wakasimama.

"Iko anasema nini, dada?" wa mbele akauliza.

"Anataka picha, nyinyi mukimubeba."

Walitazamana. Wa nyuma, mtu mfupi mwenye pengo, akasema, "Hakuna shida. Muambie ashuke, yeye atubebe sisi, njo tupige picha."

Wakaangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni, mpaka kipoyi kikayumba na ikabidi wakitue chini wasije wakamwangusha. Waliketi kwenye nyasi wakicheka na kupangusa macho. Na mgeni, akiwa ndani ya gunia lake, akacheka pia, akifurahi kuona watu wamefurahi. Hakuuliza wanacheka nini. Nilicheka hata mimi, na kicheko kile kilikuwa kichungu kinywani kama maji ya majani ya mpera.

Lori la makala lilitushusha Bukavu jioni ileile. Kwenye bariyeri walitupungia tu mkono.

Alipona kwetu. Mama alimpikia uji na supu za ndizi, akauza mandazi machache zaidi ili apate sukari yake. Jumapili iliyofuata kupona kwake padri alikuja kula, pamoja na jirani mmoja mwalimu wa chuo kikuu na mkewe. Mgeni alikuwa amenyoa ndevu. Aliulizwa habari za safari ya Miti, akaweka uma chini, akaanza kusimulia. Alisema alikuwa amesikia mengi mabaya juu ya askari wa huku. Alisema yeye alikutana nao kando ya barabara, vijana maskini wasio na kitu, na wakamgawia kuku wao mmoja waliyekuwa naye. Sauti yake ikatetemeka. Mke wa mwalimu akatikisa kichwa kwa kuguswa.

"Kuku hakuwa wao," nikasema kwa Kifaransa.

Papa akanitazama. Niliendelea. Nilisimulia tope, koti, binti aliyezaa, na lile neno pole. Nilisimulia chumvi. Nilisema mama mukubwa aliomba chumvi nyumba kwa nyumba ili amnyweshe huyu, na kwamba huyu alisema imekolea. Sikupaza sauti. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza, imeshika kitambaa.

Mgeni alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia."

Halafu akauliza, na safari hii hakuwa anaigiza huzuni, "Lakini ningefanya nini?"

Nilifungua kinywa. Mwalimu alitazama sahani yake. Padri akakohoa, akaomba apitishiwe wali, akaanza habari za paa la kanisa linalovuja, na wote wakalipokea lile paa kwa shukrani. Papa alinifuata jikoni.

"Mugeni hawamuhukumu mezani," akasema kwa sauti ya chini.

"Papa, alikula kuku ya mutu!"

"Nimesikia. Na mimi, nilipokutuma naye, nilijua juu ya nini basoda watakuacha. Unataka nisimame pale niseme nini?" Akachukua jagi la maji, akarudi kwa wageni akitabasamu.

Nilibaki na sufuria. Kinyaa nilichokuwa nimemwekea mtu mmoja wiki zote zile kilienea sasa chumba kizima, juu ya paa la padri, juu ya tai ya papa, juu ya wali uliokuwa unapitishwa mkono kwa mkono.

Mgeni aliondoka siku chache baadaye. Alitaka kuvuka daraja la Ruzizi aendelee upande wa pili, polepole. Alimkumbatia mama, alimwita mama yake wa Afrika. Mimi alinipa mkono, nikaupokea. Alisema anatuachia zawadi chumbani.

Ilikuwa mfuko wa nguo zake chafu. Suruali ile ya Miti ilikuwamo, soksi zile, na mashati matatu yaliyoota ukungu wa jasho makwapani. Niliubeba kwa vidole viwili nikiupeleka shimo la taka. Mama alinikuta njiani akaninyang'anya.

"Una wazimu? Hii ni koto, pamba nzuri."

Alizichemsha kwenye sufuria kubwa la nje, kwa majivu na sabuni, mchana kutwa, akikoroga kwa mwiko wa zamani, na mvuke ukaujaza ua wetu harufu ileile ya siku ya kwanza. Soksi zikawa vitambaa vya kushikia sufuria. Suruali ilikatwa. Mashati yalipigwa pasi ya makala, yakanyooka, na Jumatatu papa alivaa moja la bluu chini ya tai yake, akaenda kwenye ofisi isiyo na serikali. Lilimkaa vizuri. Watu walilisifu. Kwa miezi mingi sikuweza kuketi karibu naye kanisani. Nilisema ninapenda kukaa na kwaya.

Mwishoni mwa mvua zile mlima wa Miti ulihamwa wote. Mama mukubwa alitufikia akiwa na godoro kichwani na sufuria mkononi, amezeeka. Alilala chumbani kwangu, mimi kwenye mkeka chini yake. Asubuhi moja, akisuka nywele zangu, aliniuliza kama tumepata habari za yule mtoto wa tumbo, ndivyo alivyomwita mgeni, kama alifika kwao, kama alipatana na mama yake.

"Sijui," nikasema.

"Minamuombeaka," akasema. "Shika kichwa vizuri."

Nilishika kichwa vizuri. Alipomaliza nilichukua bidoni, nikateremka ziwani.